Kicheko cha Sekunde Kumi na Tisa

Kicheko cha Mzee Mfaume kilikuwa na urefu wa sekunde kumi na tisa, na Kabula alikikata chote, hakubakisha hata "he".

Usimlaumu haraka. Pale chuoni, kozi ya habari na mawasiliano, waliambiwa kipindi cha redio ni dakika tano, si tano na vipande. Na Mwalimu Adinani wa somo la redio alikuwa na neno lake moja: "Kelele ni takataka. Fagia." Kipindi cha Kabula kilikuwa cha sauti za mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Mlikuwa na cherehani, mlikuwa na mafuta ya vitumbua yanachachatika, na mlikuwa na baba yake mzazi, Eustace, anayeuza asali kwenye kibaraza kimoja na Mzee Mfaume fundi cherehani. Kabula kusikiliza, kimezidi. Akafagia kicheko. Bado kimezidi. Akafagia na maneno ya Mzee Mfaume yaliyotangulia, yale ya kwamba babu zao Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu za watu kwa miguu mpaka pwani, walipoiona bahari wakauliza nani kamwaga maji.

Kikabaki kipande cha baba yake peke yake, sauti safi, haina hata upepo: "Mzaramo akifa usikimbilie kuzika. Mwanike juani siku mbili, uhakikishe si uvivu."

Kikaenda hewani hivyo hivyo.

Ng'ambo nzima walicheka, maana wanajua Eustace ni Mnyamwezi na Mfaume ni Mzaramo, na hao ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi wakitoka huku kushuka pwani. Mtani unamtukana, unamchukulia kitu chake, na yeye hakasiriki. Akikasirika, kosa ni lake. Hilo Tabora hata mtoto wa darasa la pili analijua. Ila redio ya chuo siku hizi inasikika mpaka mtandaoni, na kuna mtu tu huko, mwenyewe anajijua, alikichomoa kile kipande akakimwaga kwenye magrupu ya WhatsApp. Chini akaandika: SIKILIZENI CHUKI INAVYOFUNDISHWA VYUONI. Siku ya nne barua ikaingia chuoni kutoka kwa wasimamizi wa utangazaji, Dar es Salaam. Kurasa mbili, na neno "leseni" limo mara sita.

"Huyu anayeongea ni nani?" Madam Advera, mkuu wa chuo, alimuuliza Kabula Jumatatu asubuhi. Mwalimu Adinani alikuwa amekaa pembeni, anakagua kucha zake.

"Ni baba, Madam."

"Baba yako mzazi?"

"Ndiyo, Madam."

"Anaongea na nani?"

"Na mtani wake, Mzee Mfaume."

"Mbona huyo Mfaume simsikii?"

Kabula akaangalia viatu vyake. "Nilimkata."

"Rekodi nzima iko wapi?"

"Kinasa sauti cha chuo kinafutwa kila Ijumaa, Madam. Kupisha wengine."

Madam akamgeukia Mwalimu Adinani. Mwalimu Adinani akahamia kucha za mkono wa pili.

"Sikiliza, mwanangu," Madam akasema. "Mimi utani naujua, nimeolewa nao. Karatasi ndiyo haiujui. Niletee huyo mzee aandike mistari miwili: sikutukanwa, huyu ni mtani wangu. Naambatanisha, najibu barua, na Jumatatu ijayo unaingia kwenye mtihani wako wa mwisho. Asipoandika, unasimama masomo. Mtihani utaurudia mwakani."

"Na ada, Madam?"

"Na ada."

Ada ya mwaka huu Eustace aliuza nusu ya mizinga yake ya porini. Ya mwakani labda auze nyuki wenyewe, mmoja mmoja. Lakini Kabula alitoka ofisini anatembea kama mtu aliyepona malaria. Mistari miwili tu. Na kama kuna mtu duniani ambaye hakosi maneno, ni Mzee Mfaume, ambaye yeye humwita mjomba.

*

Jumanne walifika watatu, Kabula, baba yake na Mzee Mfaume mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata. Getini mlinzi, kijana anaitwa Sayi, aliwapa daftari waandike majina, namba za simu na "sababu ya ujio". Eustace alikuwa na chupa ya asali ya kumpa Madam. Sayi akaiinua juani, akaitikisa, akainusa.

"Mzee, vimiminika haviingii."

"Ni asali, mwanangu."

"Asali inamiminika au haimiminiki?"

Chupa ikabaki kwenye kibanda cha mlinzi.

"Na huyu naye mbaki naye," Mzee Mfaume akamwonyesha Eustace. "Mkimwachia ataingia kulamba kuta."

Eustace akacheka, Kabula akacheka, hata Sayi akacheka. Mambo yalikuwa shwari.

Ofisini Madam Advera alimsogezea Mzee Mfaume kiti chenye mto. Eustace akapewa cha plastiki, mguu mmoja umefungwa waya.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Sitakuchosha. Hiyo sauti umeisikia. Je, ulitukanwa?"

Mzee Mfaume aliangalia dari, akaangalia mikono yake. Kabula akaona pembe ya mdomo wake wa juu inacheza kidogo, ule mchezo anaoujua toka utotoni. Alijua kitakachofuata. Ukimwomba mtani akuokoe mbele za watu, umempa kisu na kachumbari.

"Mwanangu," Mzee Mfaume akaanza, sauti ya mjane, "miaka ishirini na miwili."

"Ya nini, mzee?"

"Ya kudhalilishwa. Huyu unamwona hapa katulia kama sanamu ya kanisani. Nikipiga chafya ananiuliza wosia uko wapi. Wanangu wamekua wanasikia baba yao ataanikwa kama muhogo. Nimevumilia. Nimesema, Mungu anaona."

Eustace pale kwenye kiti cha plastiki alikuwa anatetemeka kwa kicheko.

"Umemwona?" Mzee Mfaume akasema taratibu. "Anacheka."

Halafu, wallahi, chozi likatoka. La kweli, limejaa, likateremka mpaka kwenye ndevu.

"Kwa hiyo ulitukanwa," Madam akasema.

"Nilitukanwa."

"Una uhakika, mzee wangu? Nakuuliza mara ya pili."

"Lete kalamu."

Akaandika, na mwandiko anao. Akasaini kwa mkia mrefu unaozunguka ukurasa. Kisha akarudisha kalamu, akajipiga paja, akawageukia wenzake anasubiri nyumba ianguke kwa kicheko. Eustace kweli alianguka. Lakini Madam Advera alikuwa ameshafungua droo, katoa mhuri. Uligonga meza mara moja, pwaa, na hapo ndipo Mzee Mfaume alipoacha kutabasamu.

"Mwanangu, natania."

"Nilikuuliza mara mbili."

"Ndiyo utani wenyewe. Ningekubali mara ya kwanza, ningekuwa mtani gani?"

"Mzee wangu, kalamu umeomba mwenyewe. Nikiichana hii leo, kesho nitaambiwa nilikutisha, au nilikuhonga." Akaiweka ile karatasi kwenye faili, akalifunga kamba. "Bodi inakaa Ijumaa saa tano. Mtajieleza huko. Kabula, mpaka hiyo Ijumaa usiingie darasani."

*

Eustace hakusema kitu njiani. Alipofika kibarazani alibeba meza yake ya asali, akaipeleka mwisho kabisa wa kibaraza, jua linakopiga, akakaa amempa mgongo Mzee Mfaume.

Jumanne ikapita hivyo. Jumatano Mzee Mfaume akajaribu. "We Mnyamwezi, leo hata nzi wamekukataa." Kimya. "Babu yako alibeba kinanda cha Mzungu miezi mitatu, kufika wakamwambia cheza, akakilamba." Kimya. Cherehani ilikuwa inaenda, inasimama, inaenda. Watu wanaopita wakaanza kumuuliza Kuluthumu, anayeuza vitumbua pale mbele, nani kafa.

"Hajafa mtu," Kuluthumu akawa anajibu. "Bado."

Na yeye alikuwa na lake. Nusu ya wateja wake huja kusikiliza matusi, kitumbua wananunua kwa aibu ya kukaa bure.

Alhamisi Mzee Mfaume aliacha cherehani, akatembea zile hatua kumi mpaka kwenye meza ya asali. Kabula alikuwepo, anafuta chupa.

"Baba Kabula," akasema. Hajawahi kumwita hivyo. "Nisamehe."

Kuluthumu akaacha mwiko kwenye mafuta. "We Mfaume, usiombe msamaha. Mtani akiomba msamaha, mnabaki kuwa majirani tu."

"Nifanye nini sasa? Jana nimeenda kule getini, yule kijana kaniandikisha daftari, halafu ananiambia Madam kasema Ijumaa."

Eustace akaongea kwa mara ya kwanza tangu juzi, na aliongea na chupa. "Mwanangu anarudia mwaka kwa sababu ya mdomo wa mtu."

"Nilijua watacheka."

"Ofisi haichekagi."

"Sasa nakuuliza wewe unayechekaga," Mzee Mfaume akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Siku ukifa, nani atashuka kwenye kaburi lako, kama watani wafanyavyo, alale humo akatae kutoka, mpaka mkeo acheke? Utaita fundi mwingine?"

Eustace akafunika chupa.

Nyumbani Itetemia jioni ile, ugali ulipoozea mezani. Apolinaria, mama Kabula, alimwangalia mumewe, akamwangalia tena.

"Utanuna mpaka lini?"

"Sijanuna. Nimenyamaza."

"Baba," Kabula akasema, "kesho ukienda na huo uso, bodi wataamini kila kitu. Watani hawanuniani. Wakikuona hivi watasema si utani, ni ugomvi."

"Uso ndio ninao huu mmoja."

"Basi jaribu kucheka."

Eustace akajaribu. Apolinaria akasema aache, atatisha watu.

*

Ijumaa ile Tabora ilikuwa na baridi yake ya Julai, ule upepo mkavu unaoingia hata kwenye soksi. Eustace alivaa koti lake la ndoa, kwa heshima ya bodi na kwa sababu nyingine. Shati lake zuri lilikuwa zuri mbele tu. Mgongoni moto wa kufukuzia nyuki ulililamba mwaka juzi, likabaki tundu la kupitisha sahani.

"Usivue koti," Apolinaria alimwambia, anamtia karanga za kuchemsha mfukoni. "Hata wakisema kuna joto."

Ofisini kwa Madam, bodi walikuwa watatu: Madam Advera, Mwalimu Adinani, na mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo anaitwa Levina, mwanasheria, ambaye alikuwa ameisoma karatasi ya Mzee Mfaume mpaka ile saini ya mkia. Kabula alisimama mbele yao.

"Kosa ni langu," akasema. "Walikuwa wanataniana wote wawili. Mjomba alianza, baba akajibu, mjomba akacheka. Mimi nikakata mwanzo na mwisho, nikabakiza katikati. Nilifikiri kicheko ni kelele."

Mwalimu Adinani akainamia karatasi zake.

"Mimi hicho kicheko sijakisikia," mama Levina akasema. "Nina sauti ya tusi, na nina karatasi ya machozi. Leo mzee anataka kusema alitania. Mnaweza kuwa mmekubaliana njiani."

"Tukubaliane saa ngapi?" Mzee Mfaume akadakia. "Huyu hajaniongelesha tangu Jumanne."

"Ahaa." Mama Levina akaandika. "Kwa hiyo kuna ugomvi."

Kabula akafumba macho.

"Mama, ule si ugomvi, ni..."

"Ni nini, mzee? Watani hawakasirikiani, ndivyo ninavyojua mimi. Huyu bwana kakasirika, naona hapa. Kama kakasirika hakuna utani. Kama hakuna utani, yale ni matusi. Mwenye neno lingine?"

Madam Advera akafungua kalamu. Kabula akahesabu: mwaka mzima nyumbani, anafuta chupa.

Mzee Mfaume akasimama.

"Maneno yametushinda," akasema. "We Mnyamwezi, simama."

Eustace alisimama kwa mazoea, kama mtu anavyosimama akiitwa na fundi wake. Mzee Mfaume akamwendea, akashika kifungo cha juu cha koti, akakifungua. Akashuka cha pili. Alifungua taratibu, kwa vidole vya kazi, kama anampima. Eustace akaona anachofanya na mkono wake ukapanda, ukashika ukosi wa koti, ukakaza.

Wakasimama hivyo, mmoja kashika huku, mwingine kule.

Kabula aliijua sheria. Mtani akikuchukulia kitu, huruhusiwi kukidai. Neno moja tu, "lete", na mama mwenye miwani atakuwa kapata alichokuwa anatafuta. Akamwona baba yake anaangalia wajumbe, anaangalia dirisha ambako wanafunzi wawili walikuwa wanachungulia, halafu anamwangalia yeye. Kidole kimoja kikaachia ukosi. Kikafuata kingine.

Koti likatoka.

Tundu la mgongoni likaonekana lote, na ngozi ndani yake. Mwanafunzi mmoja dirishani akaguna. Mzee Mfaume hakuangalia huko. Alivaa koti juu ya kanzu, akanyoosha mabega, akaingiza mikono mifukoni. Mfuko mmoja ulikuwa na rozari. Hiyo akaitoa kwa heshima, akamrudishia Eustace kiganjani, akamfumba vidole. Mfuko wa pili karanga. Akamenya moja, akala. Akamkaribisha Madam Advera. Madam akatikisa kichwa.

Sasa ikabaki kwa Eustace. Amesimama na kifua cha shati zuri na mgongo wa maskini, upepo wa dirishani unampiga palepale kwenye tundu. Taya lake lilikuwa linatafuna kitu kisichokuwepo. Mama Levina aliinua kalamu.

"Mwacheni tu," Eustace akasema. Sauti ilitoka kavu, kama mlango uliofungwa siku nyingi. "Ndiyo kawaida yake. Nguo ya mteja anaivaa miezi sita kwanza, halafu anakwambia bado vifungo."

Mwalimu Adinani akainua kichwa. Suruali yake ya kijivu ilikuwa kwa Mzee Mfaume tangu kabla ya Idi, na kila akienda imebakia vifungo.

"Kumbe," akasema polepole.

"Usimsikilize, mwalimu..."

"Jumapili iliyopita nimekuona msibani. Ile suruali ya kijivu."

"Ilikuwa inafanana."

"Ina pindo la bluu kwa ndani, niliomba mwenyewe."

"Niliifanyia majaribio, mwalimu, nisije nikakupa nguo inayochanika ukiinama. Mteja wangu ni mtu mzito."

Madam Advera akaweka kiganja mdomoni. Haikusaidia. Mzee Mfaume alipoona Madam kapasuka naye akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka, kile chenyewe, cha kuanzia tumboni, kinapanda kwa ngazi, kinakwama, kinaanza upya. Eustace alivumilia mpaka katikati. Kisha akashika kile kiti cha plastiki asianguke, na kiti nacho kikaachia ule mguu wa waya, wakaenda chini pamoja. Mzee Mfaume akasema mbele ya bodi kwamba hata viti vinajua huyu amezoea kubebeshwa watu, si kubebwa.

Mama Levina peke yake hakucheka. Alisubiri wamalize, akavua miwani, akaifuta.

"Nimeona," akasema. "Malalamiko yafutwe. Mzee aandike upya, na sasa aandike kilichotokea, asitunge."

"Na mwanafunzi?" Madam akauliza, anajifuta macho.

"Mwanafunzi kahariri vibaya. Hilo ni la mwalimu wake."

Mwalimu Adinani akamwangalia Kabula kwa muda. "Kipindi kile nakupa sifuri," akasema. "Jumatatu ingia kwenye mtihani. Na Jumatano nataka kipindi kingine, dakika zitakazotosha. Ukihitaji kinasa sauti, njoo ukichukue ofisini, nitakwambia lini kinafutwa." Akageukia upande wa pili. "Mzee Mfaume, suruali."

"Kesho."

"Leo."

"Leo Ijumaa, mwalimu."

Na kweli ilikuwa Ijumaa. Mzee Mfaume alitangulia kutoka, anawahi msikitini, koti la ndoa la Eustace juu ya kanzu nyeupe, anamenya karanga za mfukoni. Pale getini Sayi alimpigia saluti. Hakugeuka nyuma hata mara moja kuuliza kama mwenye koti analitaka.

Kabula na baba yake wakachukua njia ya kurudi nyumbani. Upepo ulikuwa unakuja kwa nyuma. Kabula alitembea hatua moja nyuma ya baba yake, kulia kidogo, ili watu wa barabarani wasione mgongo. Eustace alikuwa kanyamaza, na Kabula hakujua ni kunyamaza kwa aina gani.

"Baba."

"Naam."

"Ulikuwa umekasirika kweli, au ulikuwa unajifanya?"

"Nilikasirika mpaka meno."

Wakatembea. Bodaboda ikawapita na vumbi lake.

"Na sasa?"

Eustace akakunja mikono kifuani, akashika mabega yake mwenyewe, akaongeza mwendo.

"Sasa nina baridi."